Kisiwa Ambako Chakula Kinakuja

Iko nchi moja ndogo, kisiwa tu mwanzo hadi mwisho, ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaona kidoa ukadhani ni kazi ya nzi. Jina lake tuliache. Wenyewe wanaijua, na wengine wakisikia watadai ni yao, tuanze kugombana bure.

Nchi hiyo ina mchanga mweupe, ina minazi iliyoinama kwa ajili ya kupigwa picha, na ina wizara kumi na tisa. Mojawapo ni Wizara ya Wageni na Mapochopocho. Kazi yake ni moja tu: kuwaambia wageni waliokuja kupumzika wapi wale na wapi wanywe. Utasema ni kazi nyepesi. Wizara ina watumishi mia nne na watatu, na wote wanalalamika kwamba wamezidiwa.

Sasa, watu wa kisiwa kile wana adabu yao ya tangu na tangu. Mgeni akiingia kwako akaomba kitu, humwambii "hakuna." Kumwambia mgeni hakuna ni sawa na kumshika mabega ukamgeuza uso uelekee mlangoni. Unamwambia "kinakuja." Zamani mama wa nyumba akishasema kinakuja alitokea mlango wa uani, akaenda kwa jirani kuomba unga, akapita kwa jirani wa pili kuomba nazi, na baada ya kitambo, kweli, kilikuja. Serikali ilipoona adabu hii inawafurahisha wageni, ikaichukua ikaifanya sheria. Ilichukua neno. Jirani ikamwacha.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Ukarimu. Ina kifungu kimoja na majedwali sitini. Kifungu kinasema ni marufuku kwa mtu yeyote, awe mezani, jikoni, au popote anapoweza kusikiwa na mgeni, kutamka kwamba kitu hakuna. Majedwali yanaeleza namna ya kutabasamu.

Tangu hapo mambo ya kula yakanyooka. Hoteli zikapewa nyota kwa kuhesabu vyakula vilivyomo kwenye menyu, na kwa kuwa hakuna kitu kinachoweza kuwa hakuna, hapakuwa na sababu ya kubana menyu. Hoteli Nusu Pepo, iliyokuwa ya kwanza kisiwani, iliandika vyakula mia mbili na kumi na vinne na vinywaji sitini na kimoja, pamoja na juisi ya tunda ambalo huota kwenye theluji. Jikoni mwake mlikuwa na jiko moja na sufuria moja ya wali. Wali ule ulikuwa wa wahudumu. Wahudumu wenyewe walisomea miaka miwili Chuo cha Taifa cha Kusubirisha, wakatoka wanaweza kusema "kinakuja" kwa lugha kumi na moja na kwa matabasamu matatu: la asubuhi, la mchana, na la mgeni anayelia.

Wageni walifurahi sana. Walikuja wanene, wakaondoka wembamba, wakaisifu hewa. Kuna wachumba wawili walioagiza kamba siku ya Jumatatu. Jumanne wakagombana, Jumatano wakaachana, Alhamisi wakarudiana, na Ijumaa wakafunga ndoa palepale mezani ili wasipoteze nafasi yao. Wizara ikawaweka kwenye tangazo.

*

Kijitabu cha wizara kinachoeleza wapi pa kula kiliandikwa na mtu mmoja aitwaye Vuai. Cheo chake kilikuwa Mkaguzi wa Matarajio, Daraja la Pili. Chakula hakikaguliki kwa sababu hakijafika. Kwa hiyo hukaguliwa matarajio. Kila asubuhi Vuai alivaa kaunda suti yake ya kijivu, akachukua rula na kalamu, akazunguka hotelini kupima unene wa menyu. Menyu yenye upana wa kidole ilipata nyota mbili. Menyu ambayo mgeni mmoja hawezi kuinyanyua peke yake ilipata tano.

Alikuwa mtu mwaminifu. Miaka kumi na minne kazini, hajawahi kupunja hoteli hata nusu nyota. Lakini naye alikuwa na tumbo. Siku moja, baada ya kusoma vyakula mia tano na thelathini tangu asubuhi bila kumeza hata kimoja, alikuwa akipita nyuma ya bohari ya wizara, pale wanapohifadhi menyu za akiba, akasikia harufu ya mchuzi wa papa. Miguu ikakata kona bila kumuuliza.

Nyuma ya bohari palikuwa na kibanda cha makuti, mabenchi manne, na moto wa kuni. Mbele yake hapakuwa na bahari wala mnazi. Palikuwa na ukuta wa bohari, mrefu, umepakwa chokaa. Mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa amejifunga kanga kifuani, anakoroga. Ndiye Bi Kazija.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Ahsante, bibi. Niletee pweza wa nazi."

"Hakuna."

Vuai aligeuka kutazama nyuma, labda bibi anazungumza na mtu mwingine.

"Umesemaje?"

"Nimesema pweza hakuna. Kuna muhogo wa nazi na mchuzi wa papa. Cha kunywa, kuna maji ya ndimu. Unakula, huli?"

Mguu mmoja wa Vuai ulitaka kukimbia kwenda kuripoti. Wa pili ulikuwa umeshaingia chini ya meza. Kabla haijapatana, sahani ikafika. Ilifika kweli, inatoa mvuke, na pilipili ya kukaanga pembeni. Vuai aliitazama kama mtu anayemwona jamaa yake aliyedhaniwa amekufa. Akala, akanywa maji ya ndimu bilauri mbili, na alipoinua uso ndipo akawaona wenzake. Kwenye benchi la pili alikaa Mkurugenzi wa Viungo vya Taifa. La tatu, hakimu mmoja aliyejifunika kichwa kwa leso. La nne alikaa mpishi mkuu wa Hoteli Nusu Pepo, anajilamba vidole.

Wote walielekea ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale: unaingia, unautazama ukuta, unakula, unatoka, humsalimii mtu. Kwa njia hiyo hapana mtumishi wa serikali aliyewahi kumwona mwenzake pale, na Vuai, aliyekwenda kila siku kwa miaka minne iliyofuata, angeweza kuapa mbele ya mahakama yoyote kwamba alikuwa peke yake.

*

Balaa ililetwa na mgeni. Bibi mmoja, Henrike, dereva wa treni mstaafu kutoka nchi za baridi, alikaa Nusu Pepo siku mbili akisubiri supu. Siku ya tatu, kwa kuwa maisha yake yote alizoea kitu kinachokuja kiwe na saa yake, akachukua kofia akatoka kutembea. Akafuata harufu. Akaonyesha kwa vidole kwamba anataka kamba. Bi Kazija akatikisa kichwa, akasema hakuna, akamnyooshea muhogo. Bibi Henrike akala sahani mbili, akaomba aongezwe, akaambiwa umekwisha, akacheka mpaka akashika ubavu.

Sasa pale uwanja wa ndege pana Kitabu cha Shukrani. Mgeni anayeondoka hurudishiwa pasipoti akishaandika humo jinsi alivyofurahi. Bibi Henrike aliandika: "Mahali pazuri pa kula katika kisiwa chenu ni pale ambapo mama mmoja aliniambia hakuna. Asubuhi ya leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuamka nimeshiba."

Karani wa uwanja aliisoma, akakaa chini. Simu ikapigwa. Kufikia adhuhuri watumishi wote mia nne na watatu walikuwa ukumbini, na Waziri, Mheshimiwa Subeti, amesimama jukwaani, suti nyeupe, kitabu mkononi amekishika kwa ncha za vidole.

"Ndugu zangu," alianza, "taifa letu limepigwa tumboni. Adui hakuja na mzinga. Hakuja na manowari. Amekuja na muhogo. Mgeni, tena mwanamke mtu mzima, katika ardhi hii ambayo wazee wetu hawakuwahi kukosa kitu cha kuahidi, ameambiwa hakuna. Najiuliza. Leo tukimwambia mgeni hakuna kamba, kesho atauliza kuna nini. Na akishauliza kuna nini, ndugu zangu, tutamwambia nini?"

Lilikuwa swali zito.

"Nani anapafahamu mahali hapo?"

Watumishi mia nne na watatu wakatazama dari. Wapo watatu au wanne waliokuwa na manjano ya mchuzi kwenye kucha. Hao walitazama dari huku wamekalia mikono.

"Vuai," akasema Waziri. "Simama. Wewe katika watu hawa wote ndiye unayeonekana una nguvu ya kutembea. Sijui umezipata wapi na sitaki kujua. Nakupa siku tatu. Siku ya tatu tunapokea ujumbe wa Baraza la Dunia la Kula Ugenini, wanakuja kutupa Kijiko cha Dhahabu. Utasimama mbele yao useme mahali pale pamefungwa. Usipopafunga, kalamu na rula utaniachia mimi."

Akakabidhiwa kufuli la serikali, kubwa kama dafu. Akauliza ufunguo. Akaambiwa unakuja.

*

Siku ya kwanza Vuai alifika kwa Bi Kazija mapema, kabla ya wenye kuutazama ukuta. Aliliweka kufuli juu ya benchi. Bi Kazija alikuwa akichuja tui.

"Hilo la nini?"

"La hapa, bibi. Nimetumwa nipafunge."

"Utafungia wapi? Sina mlango."

Vuai akatazama. Kweli, mlango haukuwapo. Miaka minne anaingia na kutoka, hakuwahi kuona kwamba hapana mlango.

"Bibi, nisikilize. Mimi sitaki kufunga. Nikifunga hapa, mwenyewe nitakula wapi? Nakuomba neno moja tu. Akija mgeni, au mtu usiyemjua, akaomba kitu huna, mwambie kinakuja. Basi. Nitaandika kwamba umejirekebisha, nao watasahau."

"Halafu akishaambiwa kinakuja?"

"Atasubiri."

"Atasubiria wapi?"

"Hapo, kwenye benchi."

"Na wewe ukija utakaa wapi? Kichwani kwake?" Bi Kazija alikamua machicha, akayatupia kuku. "Mabenchi yangu manne, Vuai. Mtu asiyekula anakalia nafasi ya anayekula. Mimi napika, siendeshi kituo cha mabasi."

"Ni neno tu, bibi. Mdomoni halina uzito."

Bi Kazija alifunika sufuria, akakaa upande wa pili wa kufuli.

"Marehemu Makungu ulimjua?"

"Mumeo? Nilimsikia."

"Alishikwa na homa, manjano yamemjaa machoni. Nikampeleka zahanati. Tukaambiwa dawa inakuja. Kijana mzuri, mpole, alitabasamu. Tukakaa kwenye benchi. Kila nikiuliza, inakuja, mama. Siku ya kwanza, ya pili. Meli ya kwenda ng'ambo ilikuwa bandarini muda wote huo, naiona ilipo. Nauli ninayo, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Lakini utaondokaje na dawa inakuja? Siku ya nne meli ikang'oa nanga, na Makungu naye akaondoka." Akanyoosha kanga magotini. "Yule kijana angesema hakuna, ningemchukia siku moja. Mume wangu ningekuwa naye mpaka leo, ananisumbua na kikohozi chake."

Moto ulipasuka kidogo. Katika majedwali sitini hapakuwa na tabasamu la mahali kama pale.

"Neno halina uzito, umesema," akasema Bi Kazija. "Haya. Lisogeze kufuli lako, watu wanakuja kula."

Siku ya pili Vuai hakwenda kazini. Alikaa kwake, kufuli liko mezani, wametazamana kutwa. Miaka kumi na minane amekuwa mkaguzi; hana shamba, hana chombo cha kuvulia, hana ujuzi mwingine zaidi ya kupima unene wa karatasi. Akipafunga kwa Bi Kazija atabaki na kalamu. Asipopafunga hatabaki na kitu. Aliligeuza shauri hilo kila upande, na kila upande lilikuwa na njaa ndani yake.

*

Siku ya tatu, saa sita mchana, ujumbe wa Baraza la Dunia la Kula Ugenini uliketishwa Hoteli Nusu Pepo, kwenye baraza inayotazama bahari. Wajumbe walikuwa tisa, na mkuu wao bwana mmoja mnene mwenye masharubu, mpole sana, ambaye alikuwa ameacha kifungua kinywa makusudi ili aonje vizuri. Maafisa wa wizara walikuwa ishirini na mmoja. Kijiko cha Dhahabu kililazwa juu ya mto wa hariri katikati ya meza, na wengi walikitazama kwa sababu ndicho kitu pekee mezani kilichofanana na chakula.

Mhudumu mkuu, Mcha, akaleta menyu. Zilibebwa na watu wawili wawili. Mkuu wa ujumbe akachagua samaki changu wa kuchoma.

"Anakuja," akasema Mcha, kwa tabasamu la kwanza.

Mwingine akachagua kaa, mwingine biriani ya kuku, mwingine embe tu. Vyote vikawa vinakuja. Waziri akasimama kujaza muda.

"Waheshimiwa wageni. Nchi nyingine huwapa wageni wao chakula. Hatuwalaumu, kila mtu na uwezo wake. Sisi tunawapa kitu kikubwa zaidi. Maana chakula, mabibi na mabwana, ukikila kimekwisha. Matumaini hayaishi. Je, ni kisiwa gani kingine duniani ambako mgeni anaweza kukaa na changu yuleyule kwa wiki nzima?"

Maafisa wakapiga makofi, polepole, kwa kuhifadhi nguvu. Hotuba ilichukua dakika arobaini. Ikafuata ya Naibu. Bahari ilimetameta vizuri sana. Mjumbe mmoja mzee akala ua la mezani, akauliza kama kuna jingine, akaambiwa linakuja. Kufikia saa nane mkuu wa ujumbe alikuwa ameshafungua kishikizo cha koti, akakifunga, akafungua tena. Mcha alikuwa ameingia tabasamu la tatu, na ukimtazama karibu, machozi yaliyokuwa machoni mwake hayakuwa ya kazi. Siku hiyo hata wali wa wahudumu haukupikwa, kwa heshima ya wageni.

"Na sasa," akasema Waziri, "kuhusu uzushi ulioandikwa na bibi mmoja wa treni. Mkaguzi Vuai atawathibitishia."

Vuai akasimama na kaunda suti yake, kufuli mkononi. Alikuwa ameandaa sentensi. Ilikuwa nzuri: "Mahali hapo panafungwa, na taarifa inakuja." Kwa mujibu wa sheria haikuwa na kosa hata herufi moja. Angeisema, angekaa, na kalamu ingebaki mfukoni.

Mkuu wa ujumbe akainua mkono kabla hajafungua mdomo.

"Samahani sana, bwana. Umesema wewe ni mkaguzi?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi utajua. Sitaki kuwa mkorofi. Changu wangu yupo?"

Maafisa ishirini na mmoja wakatazama dari, na pale barazani dari haikuwapo, kwa hiyo wakatazama mbingu. Vuai akamtazama yule bwana mnene, mikono juu ya magoti, amekaa kama mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati, nauli iko kwenye pindo na meli iko bandarini.

"Hakuna," akasema Vuai.

Mtu akaangusha uma.

"Changu hakuna, bwana. Kaa hakuna. Embe hakuna, si msimu wake. Katika vile mia mbili na kumi na vinne nilivyovipima mwenyewe kwa rula, hakuna hata kimoja, na sijawahi kukiona. Mnisamehe. Mngeambiwa tangu saa sita."

Waziri alikaa chini. Mkuu wa ujumbe naye alivuta pumzi ndefu, akachukua kitambaa akajipangusa masharubu ambayo hayakuguswa na kitu, akasimama. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba.

"Ahsante," akasema. "Sasa tule wapi?"

Swali hilo wizara ilikuwa imelijibu kila mwaka, kwa vijitabu, kwa mabango na kwa warsha. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kutoka kwa mtu anayetaka kula.

"Nyuma ya bohari," akasema Vuai. "Nifuateni."

*

Wakatoka wote, wajumbe, maafisa, na Mcha na sinia lake tupu. Vuai alitakiwa kuongoza, lakini hakuwahi kufika mbele. Mheshimiwa Subeti alishika njia kwa hatua za haraka, akakata kona ya kwanza bila kuonyeshwa, akapita uchochoro ambao Vuai mwenyewe hakuujua kwamba unafupisha, akaruka mtaro mahali penye jiwe, na watu walipofika kibandani walimkuta ameshakaa benchi la mwisho, uso ukutani.

"Leo umewahi, baba," Bi Kazija alikuwa akimwambia. Kisha akaona umati. Akasimama na mwiko, akahesabu kwa macho.

"Nyinyi ni wangapi?"

"Thelathini na mmoja, bibi," akasema Vuai. "Na mimi wa thelathini na mbili."

"Nina sahani ishirini na nne. Wanane, hakuna. Wanane wapite pale kwa Mwanamvua, nyumba ya pili kushoto, ana chapati na maharage. Mwambieni nimewatuma mimi. Msikae hapa kunitazama, mtanichelewesha."

Wanane wakaenda, tena wakienda mbio. Mcha alikuwa wa kwanza. Waliobaki wakala. Wajumbe hawakuijua desturi ya ukuta. Walikaa wamegeukiana, wakazungumza, wakaombana pilipili, na maafisa walioketi nao wakajikuta wanasalimiana na watu waliokula nao bega kwa bega miaka kumi. "Kumbe na wewe," walisikika wakiambizana. "Kumbe na wewe."

Mkuu wa ujumbe alipomaliza sahani ya pili alichukua Kijiko cha Dhahabu, akamwinamia Bi Kazija akamkabidhi kwa mikono miwili. Bi Kazija akakigeuza, akakitia sufuriani. Kikazama mpaka shingoni. Akakifuta kwa kanga akamrudishia.

"Hakifiki chini, baba. Lakini umefanya vizuri."

Hapo ndipo Waziri alipoinuka kutoka ukutani. Alinawa, akajisukutua, akarudisha cheo chake usoni.

"Waheshimiwa," akasema, "nimepachunguza mahali hapa kwa makini. Hapana mlango. Hapana menyu. Hapana mandhari. Hapamo katika kijitabu. Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba mahali hapa hapapo. Na pasipokuwapo hapawezi kufungwa. Wala pasiandikwe popote," akaongeza, sauti imeshuka kidogo, "maana pakiandikwa tutakosa pa kukaa."

Maafisa wakapiga makofi, safari hii kwa nguvu. Bi Kazija hakusikia. Alikuwa anakwangua ukoko.

"Mimi niandike nini?" akauliza mkuu wa ujumbe.

"Andika mlishiba."

Kisha Waziri akamgeukia Vuai, ambaye alikuwa amesimama pembeni na kufuli lake. Kwa kuwa alihesabiwa wa mwisho na alikaribisha wote mbele yake, hakuwa amekula.

"Na wewe mkaguzi umepaona mahali pasipokuwapo, ukawaleta na watu. Mtu wa namna hiyo hawezi kukagua. Lete kalamu. Lete na rula."

Vuai akavitoa.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, kuhusu kazi yangu, nisubiri barua?"

Waziri akafungua mdomo. Lile neno la serikali lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi, tamu, limezoea. Akamtazama Vuai, akautazama ukuta, na pengine ni muhogo, pengine ni uchovu, akalimeza.

"Usisubiri," akasema. "Hakuna."

Wakaondoka. Vuai alibaki amesimama palepale, akisikiliza mwili wake mahali utakapouma. Ulimuuma, ndiyo. Lakini ilikuwa bado saa tisa na nusu, jua lipo, na hapakuwa na kitu chochote cha kungojea.

"Bi Kazija," akasema, "hapa kuna kazi?"

Bi Kazija alimtazama juu mpaka chini, kaunda suti na viatu vya ofisi.

"Kazi hakuna, mwanangu. Ningekuwa na kazi ya kugawa ningepumzika." Akasukuma kikapu kwa mguu. "Kuna muhogo wa kesho, haujamenywa. Na kisu chenyewe butu. Ukiumenya, utakula ukoko na mchuzi uliobaki."

Vuai akavua koti, akalitundika kwenye msumari uliokuwa ukutani mwa serikali, akakaa. Kwenye muhogo wa kwanza kisu kilimkata kidole. Wa pili akaushika vizuri zaidi.